Kumtoa mtoto kwenye nepi za kitambaa hadi poti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mama amenunua poti. Jumamosi asubuhi amemvua mtoto nepi. Kufikia Jumapili jioni ameshafua mashuka mara tatu, mkeka unanuka, mtoto analia akiiona tu ile poti, na Jumatatu nepi imerudi. Wiki mbili baadaye anajaribu tena, mambo ni yale yale. Nimeulizwa jambo hili kliniki, harusini, hata kwenye daladala, na karibu kila mara kosa ni moja.

Mtoto aliyekulia kwenye nepi za kitambaa ana mtaji ambao mwenzake wa pampas hana: anajua amelowa. Kitambaa kikipata mkojo kinapoa na kumganda mapajani, hakimfichi kitu. Lakini kujua umelowa ni mbali na kujua unataka kukojoa. Kwanza mtoto husema "nimekojoa". Baadaye husema "nakojoa". Mwisho kabisa ndipo anasema "nataka kukojoa". Hizo ni ngazi tatu, na wengi wetu tunamdai mtoto ya tatu wakati amesimama kwenye ya kwanza.

Hatua zote hapa chini ni za kumpandisha ngazi hizo moja moja. Usiruke.

## Vifaa, viwepo kabla hujaanza

- Poti 1 ya plastiki, pana chini isipinduke, fupi kiasi kwamba nyayo zote mbili za mtoto zinagusa sakafu. Zile za muziki na usukani wa gari achana nazo, mtoto atakaa kuendesha gari.
- Chupi za pamba 8 hadi 10, kubwa kidogo kuliko saizi yake, ili azishushe mwenyewe.
- Bukta au sketi za mpira kiunoni. Zipu, mkanda na vifungo viwekwe kabatini kwa sasa.
- Khanga kuukuu 2, ukate vipande vya kufutia. Kimoja kibakize kikubwa, tutakihitaji kwenye hatua ya 6.
- Ndoo yenye mfuniko ya nguo zilizolowa.
- Mpira wa kitanda, ule ule unaoagizwa kwenda nao kujifungua. Ukipata 2 ni bora.
- Kopo dogo la kuchambia na sabuni. Kopo liwe lake, analoweza kulishika.
- Kigoda, kama choo chenu ni cha kukaa.
- Nepi zako. Usizigawe bado.

## Angalia kalenda kwanza

Usianze wiki mnayohama, wiki ambayo dada wa kazi ameondoka na mpya ameingia, mwezi mmoja kabla au baada ya mtoto mwingine kuzaliwa, wala mtoto akiwa anaharisha au ana homa.

Na hali ya hewa ni sehemu ya mpango. Sisi wa Pwani tukianza katikati ya masika, chupi kumi zinalowa asubuhi na hakuna itakayokauka hadi kesho. Miezi ya joto, mtoto anaposhinda na fulana tu, ndiyo yako. Walioko Mbeya, Njombe, Arusha au Nairobi waepuke Juni na Julai: baridi inamkojoza mtoto mara nyingi zaidi, na huwezi kumwacha matako wazi.

## Hatua ya 1: Mchunguze siku tatu bila kubadilisha kitu

Nepi ibaki, mfungie kama kawaida. Kila baada ya nusu saa iguse, uandike saa na hali yake: kavu, imelowa, haja kubwa. Karatasi nyuma ya mlango inatosha.

Unatafuta haya:

- Nepi inakaa kavu saa moja na nusu hadi mbili. Hapo kibofu kimeanza kuhifadhi mkojo na kuumwaga kwa mkupuo, badala ya kuumwaga kidogo kidogo kila mara.
- Anafuata maagizo mawili kwa pamoja: "Chukua kikombe, mpelekee bibi."
- Anaweza kuchuchumaa na kuinuka, na kuvuta bukta chini.
- Anajificha akitaka kunya. Nyuma ya pazia, kwenye kona ya kabati, chini ya meza. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, maana kwa haja kubwa tayari yuko ngazi ya tatu, ila hajaambiwa pa kwenda.

Watoto wengi hufika hapa kati ya miezi 18 na 30. Wa jirani yako akiwahi, mpongeze mama yake, uendelee na wako.

Bibi atasema umechelewa. Atakukumbusha kwamba wewe ulishikiliwa juu ya beseni ukipigiwa "shiii" hata meno hujaota. Usibishane naye, hasemi uongo. Watafiti waliokaa na Wadigo wa Pwani ya Kenya waliandika mwaka 1977 kwamba akina mama wa huko walianza kazi hii wiki za mwanzo kabisa, na mtoto alikuwa mkavu mchana na usiku akiwa na miezi 5 au 6. Lakini pale mtoto alikuwa mwilini mwa mama au mlezi mchana kutwa, na mtu mzima alikuwa akisoma kila mkunjo wa uso wake. Kama unatoka kwenda kazini saa 12 asubuhi, huna nafasi hiyo. Unamfundisha mtoto ajisome mwenyewe, na hilo linataka umri.

Umefanikiwa ukiweza kusema bila kuangalia karatasi saa anazokojoa zaidi na saa anayokunya.

## Hatua ya 2: Nepi ibaki, lakini uhamie chooni (wiki moja)

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua.

Kuanzia leo, mtoto habadilishwi tena kitandani akiwa chali. Anabadilishwa amesimama, chooni au pale poti itakapokaa. Akilala chali, haoni kinachotendeka na kazi yote inaonekana ni yako. Akisimama, anaona na anasaidia.

Kila mara unapomvua, sema neno moja, lile lile: "Umekojoa." Mpe nepi iliyolowa aipeleke mwenyewe kwenye ndoo. Kama ni haja kubwa, kikung'ute kinyesi chooni mbele ya macho yake, umwage maji naye akiangalia: "Pupu inakwenda chooni." Chagueni maneno nyumba nzima, iwe kojo na pupu au mengine, yasibadilike. Baba akisema "susu", dada "kojo" na bibi "haja ndogo", mtoto anajifunza lugha tatu badala ya kazi moja.

Onyo kwa wanaotumia nepi za kisasa, zile za vifungo zenye mfuko wa kutia kitambaa ndani. Nyingi zina tabaka laini linalopitisha mkojo na kubaki kavu juu. Ni zuri kwa ngozi, baya kwa somo hili, maana mtoto wako hana ule mtaji niliousema. Wiki hii weka kipande cha pamba au khanga juu ya tabaka hilo, kigusane na ngozi. Na kama unafunga winda la khanga na juu yake chupi ya nailoni, mchana iondoe nailoni. Acha alowe hadi nje, aone.

Atalalamika. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Mbadilishe mara moja, usimwache na ubaridi eti ajifunze. Ngozi ikichubuka, atachukia kukojoa kwenyewe.

Umefanikiwa akianza kukujia ameshika nepi, au akisema "kojo" baada ya kumaliza. Amefika ngazi ya kwanza.

## Hatua ya 3: Poti izoeleke

Iweke sehemu moja na isihamehame. Akae na nguo zake dakika mbili tatu, mara mbili kwa siku, ainuke anapotaka. Nyayo ziguse chini. Miguu inayoning'inia inakaza mwili mahali panapotakiwa kulegea, na tumbo linakosa nguvu ya kusukuma.

Simu hapana. Katuni hapana. Na asikalishwe zaidi ya dakika tano; kumshikilia nusu saa mpaka atoe kitu ndiko kunakozaa kile kilio cha kuiona tu poti.

Wa kiume naye aanze kwa kukaa, umwonyeshe kuelekeza kidudu chini, vinginevyo mtalowa wote wawili. Kusimama atajifunza baadaye kwa kumwangalia baba yake au kaka yake, na atajifunza haraka mno.

## Hatua ya 4: Siku ya kuvua

Tafuta siku tatu au nne mfululizo ambazo kuna mtu mzima mmoja asiyekuwa na kazi nyingine. Sikukuu zinasaidia, mradi nyumba isijae wageni. Kunja mkeka, ondoa zulia, funga milango ya vyumba vyenye magodoro.

Asubuhi mvue nepi, umvalishe fulana tu. Chupi bado. Chupi inambana pale pale nepi ilipokuwa ikimbana, na mwili wake wa miaka miwili unasema: hapa tunaruhusiwa.

Anywe maji na uji kama kawaida. Kumjaza juisi ili akojoe sana naona hakufai, kunachafua ratiba uliyoisoma kwenye hatua ya 1.

Mpeleke poti nyakati hizi tu:

1. Akiamka, kabla ya jambo lolote.
2. Dakika 20 hadi 30 baada ya kula. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mkubwa nao huanza kusukuma, ndiyo maana wengi hunya baada ya kifungua kinywa.
3. Kabla ya kuoga.
4. Kabla ya kulala, mchana na usiku.
5. Saa zile ulizoziandika.

Usimuulize "Unataka kukojoa?" Mtoto wa umri huu jibu lake ni "hapana" hata kwa pipi. Sema, "Twende tukakojoe," umshike mkono. Na usimpeleke kila dakika kumi. Ukifanya hivyo utakuwa na sakafu kavu na mtoto asiyejua kitu, kwa sababu kibofu hakikupata hata mara moja nafasi ya kujaa na kumwambia.

Ajali zitatokea, na ajali ndiyo darasa. Binti yangu wa pili, siku ya kwanza, alisimama katikati ya sebule akikoroga sufuria tupu kwa mwiko. Akanyamaza. Akatazama chini, maji yanateremka kwenye goti, yanapita kifundo cha mguu, yanaenea kwenye simenti. "Mama," akasema kwa mshangao, "maji." Hakujua yametoka wapi. Miaka miwili yote yalikuwa yakiishia kwenye kitambaa kabla hajayaona.

Hapo ndipo pa kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Unakojoa. Kojo ni ya poti." Mbebe umpeleke, hata kama limebaki tone moja. Akilimalizia poti, mpongeze kwa ufupi. Mpe kitambaa, mfute wote sakafu. Basi.

Fimbo, kofi, kumwita kikojozi mbele ya wenzake: hapana. Mbali na ukatili wake, havifanyi kazi. Mtoto anayeogopa mara nyingi anazuia kinyesi. Anakibana siku mbili, tatu, kinakuwa kigumu, kikitoka kinamuumiza, na kesho anakibana zaidi. Nimeona familia ikitumia miezi kufungua fundo lililofungwa kwa kofi moja.

Siku ya kwanza ajali sita au nane ni kawaida. Siku ya pili huwa mbaya zaidi kwa sababu umechoka. Usiihukumu kazi kwa siku hiyo.

Umefanikiwa ukimwona ameanza kukojoa, akajizuia katikati, akakutazama. Huyo yuko ngazi ya pili. Baadhi hufika ya tatu ndani ya wiki hiyo hiyo, wengine huchukua mwezi.

## Hatua ya 5: Chupi, kisha mlangoni, kisha daladala

Akishinda siku mbili na ajali moja au bila ajali kabisa, mvalishe bukta bila chupi. Baada ya siku chache ongeza chupi. Ajali zikirudi siku ya kwanza ya chupi, ndiyo ile hadithi ya kubanwa. Subiri siku mbili kabla ya kukata tamaa.

Kutoka nje, anza na safari fupi: dukani na kurudi. Akojoe kabla ya kuondoka, akojoe mkifika. Beba bukta mbili, kitambaa, mfuko wa plastiki na chupa ya maji ya kumchambia.

Kumfunga nepi kwa sababu mnaenda kanisani au sokoni, halafu kumvua mkirudi, ndiyo njia ya uhakika ya kukaa miezi sita kwenye kazi ya wiki tatu. Mtoto hajui sheria ya leo ni ipi. Safari ya basi ya mkoa hadi mkoa ni jambo jingine, hapo mfunge na umwambie wazi: "Hii ni ya basi." Mkifika, ivue mbele ya macho yake.

Kwa anayeachwa na dada au bibi: mkalishe mlezi siku moja nzima akuone unavyofanya. Maneno aliyoyaacha mama mlangoni huku amevaa kiatu kimoja hayashikiki.

## Hatua ya 6: Haja kubwa

Wengi watakojoa poti vizuri, kisha saa ya kunya wanakuja wameshika nepi: "Nifunge." Usigombe. Kwake pupu ni kipande cha mwili kinachodondoka, na nepi ilikuwa inakidaka.

Hapa mwenye nepi za kitambaa ana ujanja ambao wa pampas hana:

1. Mfunge nepi anayoitaka, lakini anyee chooni au karibu na poti, si nyuma ya pazia.
2. Baada ya siku kadhaa, akae kwenye poti akiwa na nepi yake.
3. Ifungue pini au vifungo, ibaki imelegea chini yake akiwa amekaa.
4. Itandike ndani ya poti, yeye akae juu yake. Hapa ndipo kinapotumika kile kipande kikubwa cha khanga.
5. Kila siku mbili tatu kipunguze: nusu, robo, hadi kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Siku moja utasahau kukiweka, naye hataona.

Choo kikiwa kigumu, hakuna ujanja utakaofaa kabla hujakilainisha. Papai, chungwa, embe, maharage, mboga za majani na maji. Angalia pia maziwa: mtoto anayeshinda na chupa ya maziwa mara nyingi hali chakula cha kutosha, na choo chake hukauka.

Choo cha shimo. Hofu yake ni ya kweli, tundu ni kubwa kwa mwili wake na giza ni giza. Atumie poti, nawe umwage shimoni. Asiende peke yake hadi awe mkubwa wa kutosha kulivuka tundu kwa uhakika.

Nasema shimoni, sio jalalani wala mtaroni. Bado kuna wanaoamini choo cha mtoto hakina madhara. Kinabeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na ni mikono ya watoto wenzake inayocheza kwenye ule mtaro.

Mchambe kutoka mbele kwenda nyuma, hasa wa kike. Kinyume chake kinasogeza uchafu kwenye njia ya mkojo. Mikono kwa sabuni, yake na yako, kila mara, hata kama ametoa tone tu. Ataona ni sehemu ya kukojoa.

## Hatua ya 7: Usingizi

Ukavu wa usingizi wa mchana hufuata wenyewe, kwa kawaida wiki chache baada ya mtoto kukaa sawa akiwa macho. Usiku ni jambo jingine kabisa. Usiku mwili hutoa homoni inayopunguza mkojo, na kwa watoto wengi hilo linachelewa kukomaa. Huwezi kulifundisha, kama usivyoweza kufundisha meno kuota.

Kwa hiyo nepi ya usiku ibaki bila aibu. Ifunge dakika ya mwisho kabla ya kulala, ivue akifumbua macho. Ukiikuta kavu asubuhi saba mfululizo, jaribu bila. Tandika kwa tabaka: mpira, shuka, mpira mwingine, shuka nyingine juu. Ajali ya saa tisa usiku unavuta tabaka la juu, mnalala.

Kumwamsha saa nne usiku kunaokoa godoro. Hakumfundishi, maana anakojoa amelala. Fanya ukitaka, kwa ajili yako. Kukojoa kitandani kabla ya miaka 5 hakuhesabiwi kuwa ugonjwa.

## Yakirudi nyuma

Mtoto mpya amezaliwa, baba amesafiri, shule imeanza, na huyu aliyekuwa mkavu amelowa tena. Rudi hatua ya 4 kwa siku mbili, bila hotuba. Kama anapiga kelele kila akiiona poti, au wiki mbili zimepita hujaona hata dalili ya ngazi ya pili, rudisha nepi kwa mwezi mmoja, uendelee na hatua ya 2 tu. Huko ni kungoja, hujashindwa.

Mpeleke kituo cha afya ukiona haya: analia akikojoa, mkojo una damu au una harufu kali pamoja na homa, anavuja matone mchana kutwa, choo kigumu chenye damu, au alikuwa mkavu kwa miezi kisha ameanza kukojoa sana huku akinywa maji mengi na kukonda. Hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja, linaweza kuwa kisukari. Na akivuka miaka 4 bado analowa mchana, uliza.

## Kuhusu zile nepi

Za usiku zifue kama ulivyozoea: zisuuze kwanza kwa maji baridi, kisha sabuni, usitie dawa ya kulainisha nguo maana inazuia kitambaa kunyonya. Anika juani na upige pasi, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake anaingia kwenye ngozi.

Nepi sita nzima ziweke kwa ajili ya usiku na siku tumbo likimchafuka. Zilizochakaa zikate ziwe vitambaa vya poti. Zinazobaki, uliza kabla hujagawa: wangu alikuja kuifuata moja iliyokwenda kwa jirani, akaivua kwenye kamba yao, akarudi nayo nyumbani akamfunga mwanasesere.